Pepa yangu ya mto Zigi imepewa alama 6. Hii namba inapima nini jamani?

BintiWaGeji (Makorora, Tanga) · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wana jukwaa, habari za jioni. Naomba msaada wa mwenye kujua, na mnivumilie, maana siwezi kuuliza hili bila kueleza nilivyofika hapa.

Mimi ni fundi wa vipimo vya maji. Mwaka wa kumi na nne huu kazi yangu ni mito: kusoma geji (ubao wa kupimia kina cha maji), kuingia majini na karenti mita (kifaa cha kupima kasi ya maji), kujaza daftari, kurudi nyumbani na matope hadi kiunoni. Nilipokwenda kusoma shahada ya pili (kwa umri ambao wenzangu darasani waliniita mama, nikazoea) nilichukua kipande cha mto Zigi, juu ya bwawa la Mabayani, nikakaa nacho masika tatu na vuli tatu. Wa Tanga mnaujua Zigi hata kama hamjawahi kuuona, maana ndio mnaoufungua bombani kila asubuhi. Unashuka kutoka Amani, Usambara Mashariki, na kila kinachofanyika kule juu unakuja nacho.

Nilichotafuta ni kitu kimoja tu: n. Kwa asiyeijua, Manning alikuwa mhandisi wa Ireland, na mwaka 1889 alitoa kanuni inayosema kasi ya maji mtoni inategemea umbo la mto, mteremko wake, na jinsi mto wenyewe unavyoyakwaza maji kwa mawe, majani na kona. Huko kukwaza ndiko n. Mto ulionyooka na msafi, majedwali ya vitabuni yanaupa 0.03 hivi. Ukijaa magugu na madimbwi inafika 0.1. Sasa sikilizeni: n ikiwa mara mbili, kwa kina kilekile na mteremko uleule, kasi inakuwa nusu. Nusu! Ndiyo maana mfereji usiofyekwa unafurika kwa mvua ambayo mwaka jana uliipitisha bila hata kukohoa.

Swali langu likawa: hii n ya vitabuni tunaitumia Zigi kama tulivyorithi, je, Zigi yenyewe inasemaje, kiangazi na masika? Basi. Hakuna tembo humo, hakuna saratani, hakuna akili mnemba.

Pepa ikatoka mwezi wa pili kwenye jarida la nje, la kusoma bure. Nilichinja jogoo. Ukiifungua, pembeni ya kichwa kuna kiduara cha rangirangi kama donati, katikati kimeandikwa 6. Chini yake: imetazamwa mara 1,140, imepakuliwa mara 312, wasomaji wa Mendeley 27.

Wiki iliyopita tukaletewa fomu ya tathmini kazini, na safari hii ina kisanduku kipya: "Athari ya utafiti (namba)". Nikaandika 6. Mkuu wangu akaitazama, akavua miwani. "Sita? Sita juu ya ngapi?" Sikuwa na jibu. Sijui ni juu ya kumi au juu ya elfu. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, kwamba kuna kijana idara nyingine ana pepa ya taka za plastiki ufukweni yenye alama 94, labda nikamuulize kafanyaje.

Usiku nikakibofya kiduara. Kinafunguka, kinakuonyesha waliokutaja. Wawili. Wa kwanza ni blogu ya Mholanzi mmoja anayependa mito, kaandika aya mbili, moja ya kusifia ramani. Wa pili ni ukurasa wa Facebook wa picha za Tanga. Nikashangaa, picha za Tanga na Manning wapi na wapi? Kumbe ukurasa ni wa mpwa wangu! Kaweka linki na picha yangu nimesimama majini nimeshika fimbo, kaandika: "Shangazi yangu huyu, msimuone hivi." Ndiyo hiyo sita yangu. Mholanzi na mpwa.

Lakini kuna jambo lilitokea mwezi wa nne ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Mvua imeshika, niko steshenari moja Ngamiani natoa kopi za vyeti vya mtoto. Mbele yangu kijana wa buti za mpira na kofia ya saiti. Anamwambia wa mashine, "Nitolee hii, kopi nne." Simu yake iko juu ya kaunta, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na ndani ya utando ule naona jedwali. Jedwali langu. La 4. Nimelikodolea macho usiku mwingi mno, hata ukiligeuza kichwa chini nalijua. Ila si pepa yenyewe, ni picha ya pepa: mtu kaipiga ikiwa juu ya kitambaa cha meza cha maua, kona moja ina duara la kikombe cha chai, na safu moja ya namba imezungushiwa kalamu nyekundu.

Nikamuuliza, mdogo wangu, hii umeipata wapi? "Kwenye grupu la mafundi kalavati, dada. Siku zote tunakadiria tu, sasa hii ni ya mto wa hapahapa." Na aliyeiandika nani? Akaipanua kwa vidole viwili, akatafuta juu, akatafuta chini. "Haijaandikwa." Akalipa, akakunja kopi zake, akatia mfuko wa shati, akapanda bodaboda.

Sikumwambia. Mpaka leo sijui kwa nini.

Sasa nauliza: hii alama inahesabiwaje, na mimi kwenye kisanduku nijaze nini? Zile kopi nne ziko wapi ndani ya kiduara? Na kama ipo njia ya haki, nasisitiza ya haki, ya kumuonyesha mkuu wangu yule kijana wa buti, nielekezeni.

---

Mchuuzi_Deepsea · Jumatatu, saa 4:05 usiku

Dada, sita ya Mholanzi na mpwa ni sita ya heshima. Mimi tasnifu yangu mpaka leo imesomwa na mimi na msimamizi, na msimamizi nina wasiwasi naye.

---

Mkutubi_Chumbageni · Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Dada BintiWaGeji, salaam. Mimi ni mkutubi, na hicho kiduara ndicho kinacholetwa mezani kwangu kila mwisho wa mwaka wa fedha watu wanapojaza fomu. Kaa nikueleze.

Kinaitwa Altmetric. Wazo lenyewe lilipata jina mwaka 2010, Jason Priem na wenzake watatu walipotoa tamko kwamba kusubiri pepa inukuliwe na pepa nyingine ni kusubiri miaka, wakati mazungumzo juu yake yako mtandaoni tangu siku ya kwanza. Kwa nini tusiyaangalie? Mwaka uliofuata Euan Adie akaanzisha kampuni kule London, wakachora donati. Kila rangi ni mahali: nyekundu magazeti, njano blogu, zambarau hati za sera, na kuendelea.

Alama haiko juu ya chochote, kwa hiyo swali la mkuu wako halina jibu, mwambie hivyo bila kuogopa. Haina dari. Ni jumla yenye uzito: habari ya gazeti kwa kawaida ni 8, blogu 5, hati ya sera 3, Wikipedia 3 (hata ukitajwa kurasa kumi, ni 3 ileile). Facebook ni robo. Na kwa kuwa lazima namba iwe nzima, robo inapandishwa. Kwa hiyo Mholanzi kakupa tano, mpwa kakupa robo, robo ikavalishwa koti ikawa moja. Sita. Hesabu imefungwa.

Wale 27 wa Mendeley, programu ya kutunzia pepa, hawamo kabisa kwenye alama. Wanaonyeshwa pembeni tu. Na neno "wasomaji" hapo lichukue kwa tahadhari, maana maana yake ni watu walioihifadhi kwenye maktaba zao. Wengine wameisoma, wengine wameiweka kama mtu anunuavyo doti ya kanga akaitia kabatini, ataivaa harusi ipi Mungu ndiye ajuaye. Lakini wabofye uone, kuna mgawanyo wa fani na ngazi ya masomo. Ukikuta wengi ni wanafunzi wa uzamili wa uhandisi, hilo lina maana kuliko sita. Walioinukuu pia hawamo kwenye alama.

Vipakuliwa 312: majarida mengi yanahesabu kwa kanuni za COUNTER (utaratibu wa pamoja wa kuhesabu vipakuliwa), kwa hiyo roboti zinatolewa, na mtu akibofya mara mbili ndani ya sekunde 30 anahesabiwa mara moja. Ni namba safi kiasi. Ila inahesabu mlango, haihesabu chumba. Mtu mmoja akipakua akairusha kwa Xender kwa ishirini, kwa kaunta ni mmoja.

Na zile kopi nne zako, dada yangu, hazipo popote. Mashine inafuata linki, au DOI (namba ya kudumu ya pepa mtandaoni), au jina la jarida likitajwa pamoja na la mwandishi. Facebook inaona kurasa za hadharani tu. WhatsApp ni nyumba iliyofungwa mlango. Redio haibofyeki. Mkutano wa kijiji ndio kabisa. Picha ya jedwali isiyo na kichwa wala jina ni kama mtoto aliyepotea sokoni bila kujua jina la baba yake. Hata wanaomhurumia hawajui pa kumrudisha.

Kuhusu kulinganisha na 94: ingia ndani ya kiduara, kuna sehemu inayoilinganisha pepa yako na nyingine za umri uleule na za jarida lilelile. Hiyo ndiyo uoneshe, ikibidi kuonyesha namba.

---

KasiMpya255 · Jumanne, saa 6:30 mchana

Mbona mnazunguka? Dada weka linki hapa, weka na grupu la kanisani, la msikitini, la vikoba, kila mtu aposti X na Facebook. Kufikia Ijumaa una 60. Kuna jamaa Dar wanafanya kwa malipo pia, nikuunganishe?

---

Mkutubi_Chumbageni · Jumanne, saa 6:52 mchana

Bwana KasiMpya, mtu mmoja anahesabiwa mara moja kwa kila chanzo, aposti kumi au mia. Na dada kasema ya haki. Kasisitiza.

---

MzeeWaHale · Jumanne, saa 2:20 usiku

Nimesoma yote, na miwani yangu hii. BintiWaGeji, hujambo mwanangu.

Nilifanya kazi ya maji mto Pangani tangu siku ambazo karenti mita ilikuwa inabebwa kwenye sanduku la mbao kama jeneza la mtoto. Hale pale, kituo cha umeme cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964, maji yakipungua tulipigiwa simu sisi kabla ya mtu mwingine. Kwa hiyo niruhusu nikugombeze kidogo.

Wewe umeshinda majini miaka mitatu, halafu unauliza sita ni nini? Sita ni kina! Geji inakwambia mita moja na nusu. Mita moja na nusu ya nini? Ya urefu wa maji pale kwenye ule ubao. Haikwambii maji mangapi yanapita. Mpaka mtu aingie na karenti mita maji yakiwa kidogo, aingie yakiwa ya kati, aingie yakiwa mengi na mkewe nyumbani anasali, apime, arudie, achore mstari, ndipo kina kigeuke kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Na mstari ule ni wa kituo kile. Mstari wa Korogwe huupeleki Zigi. Mkuu wako kachukua mstari wa ufukweni anausomea mto.

Kisa. Masika moja, kituo kimoja chini ya Korogwe, msoma geji akaleta kina kimepanda nusu mita kwa usiku mmoja, na mvua hakuna. Ofisini simu zikapigwa, mafuriko yanakuja, watu wa bondeni wakahamisha mbuzi. Nikashuka mwenyewe kuangalia. Mti umeanguka, umelala mtoni hatua mia chini ya geji, umekusanya majani na mabua na sufuria ya mtu, maji yamejaa nyuma yake. Yule msoma geji hakudanganya. Nusu mita ilikuwa ya kweli, nimeiona kwa macho. Lakini maji yaliyokuwa yanapita ni yaleyale ya juzi. Nikatupa jani pale kwenye ubao: lilikuwa linatembea kama mtu anayekwenda kulipa deni.

Basi na hizo pepa zenu, ukiona kina kimepanda ghafla, shuka kwanza chini uone kama hakuna mti.

Na kuna jambo moja nimelitafuta katika maelezo yako sikuliona. Ile kalamu nyekundu ilizungushia safu ipi?

---

Mkutubi_Chumbageni · Jumanne, saa 3:02 usiku

Mzee wangu shikamoo. Mti wako nimeuelewa vizuri mno. Mwaka 2020, tarehe 22 Mei, jarida la The Lancet lilitoa pepa ya haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa korona. Tarehe 4 Juni ikaondolewa, kwa sababu data yake haikuweza kuthibitishwa. Siku kumi na tatu hizo na zilizofuata ilitajwa dunia nzima, na kwa kiduara, anayekusifu na anayekulaani wote ni mmoja mmoja. Kila aliyeandika "pepa hii ni aibu" na kuweka linki aliipandisha.

Dada, kwenye fomu ushauri wangu ni huu: usiache kisanduku wazi, andika 6, halafu ambatisha nusu ukurasa wa maelezo. Mambo ya kuegemea yapo. Tamko la San Francisco lililoanzia kwenye mkutano wa mwaka 2012 linakataa kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida alimochapisha. La Leiden la mwaka 2015 linaanza kwa kusema namba zisaidie uamuzi wa wajuzi, zisichukue nafasi yake. Lakini usijaze matamko, mkuu hatasoma. Jaza nani ametumia nini, wapi, lini. Watafute.

---

BintiWaGeji · Jumanne, saa 3:31 usiku

Shikamoo mzee. Nimesoma swali lako nikasimama jikoni na mwiko mkononi.

Kiangazi. Ilikuwa safu ya kiangazi. Naiona sasa hivi, duara jekundu liko kushoto, na masika iko kulia.

Kwa wasioona tatizo: kipande changu kina matete kingo zote mbili. Kiangazi yanakauka, watu wanakata, mto unapumua, n inakuwa ndogo. Masika matete yamesimama na maji yanapita ndani yake. Fundi akichukua n ya kiangazi kukadiria mkondo unaopokea maji yakishatoka kwenye kalavati, karatasi itamwambia maji yataondoka upesi, kina kidogo. Mvua ikija, maji hayataondoka upesi. Yatarudi nyuma, yatajaa mdomo wa kalavati, yatapanda barabarani. Maelezo ya hayo yote niliyaandika chini ya jedwali kwa Kiingereza, mistari mitatu, herufi ndogo, na kwenye picha yamekatwa.

Kesho sina zamu. Naenda steshenari.

---

MzeeWaHale · Jumanne, saa 3:40 usiku

Nenda asubuhi. Ukimkuta fundi usianze na kosa lake, anza na salamu.

---

Mchuuzi_Deepsea · Jumatano, saa 1:10 usiku

Tunasubiri jamani. Nimeacha hata mpira.

---

BintiWaGeji · Jumapili, saa 10:25 jioni

Samahanini kwa kimya. Ilikuwa wiki.

Wa steshenari alimkumbuka kwa kioo cha simu. Hakuwa na namba yake, ila alimjua wa bodaboda, na wa bodaboda alijua saiti: njia ya vumbi, ukitoka Muheza unakwenda ndani. Nilifika saa tano. Kijana akanitambua, "Aa, dada wa kopi!" Nikasalimia kwanza, mzee, kama ulivyosema. Nikauliza kazi inakwendaje, nikasifu nondo, na kweli zilikuwa zimefungwa vizuri. Halafu nikamwomba ile karatasi. Akaitoa mfuko uleule wa shati, imekuwa laini kama kitambaa, imekunjwakunjwa, katikati imeanza kutoboka. Nikatoa ya kwangu, pepa nzima, nikazilaza zote mbili juu ya mfuko wa saruji.

Alikaa kimya muda. Akaangalia jina juu ya pepa, akaniangalia mimi. "Kumbe ni wewe." Ndiyo. "Mbona siku ile hukusema?" Nikamwambia sijui. Akacheka, akasema angekuwa yeye angepanda juu ya kaunta.

Tukashuka mkondoni. Matete yamefika kifuani kwake. Nikampa namba ya masika, tukapiga hesabu upya kwenye simu, mara mbili kwa sababu ya ule utando wa buibui, hakuona vizuri akakosea nukta. Jibu likatoka: mabomba mawili hayatoshi. Zege lilikuwa halijamwagwa. Alipaswa kumwaga Alhamisi. Akampigia msimamizi wake, nikasikia sauti ya upande wa pili inapanda, akaniomba niongee naye mimi. Wameongeza bomba la tatu na kuinua tuta. Sina uhakika msimamizi ananipenda.

Aliniingiza kwenye grupu lao. Watu 118. Nikajitambulisha, nikaomba kila aliyetumia lile jedwali aseme wapi. Saa mbili kimya kabisa, nikajuta. Halafu wakaanza. Tisa hadi leo. Mmoja aliipeleka Korogwe, kwenye mfereji wa mpunga ambao si Zigi wala hauhusiani na Zigi, nimemwandikia kando. Wanne walitumia kiangazi. Aliyepiga picha ya kwanza amejitokeza pia, ni mwalimu wa ufundi. Kitambaa cha maua ni cha mkewe, na ile kalamu nyekundu ni yake. Aliizungushia safu ile kwa sababu darasa lake siku hiyo lilikuwa linapima mto wakati wa kiangazi. Hakuwa na kosa hata kidogo! Picha ndiyo iliyotembea bila darasa.

Nimeliandika jedwali upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Masika imetangulia, kwa herufi nene. Onyo liko ndani ya fremu ya jedwali, na jina langu na DOI vilevile ndani, kati ya mistari, si pembeni, ili anayekata picha ashindwe kuvitoa bila kukata na namba. Hilo la mwisho ni wazo la Mkutubi alilonipa faraghani, asante sana kaka. Steshenari ya Ngamiani wamebandika moja ukutani, karibu na bei za kulaminisha.

Fomu: niliandika 6, nikaambatisha nusu ukurasa. Watu tisa, sehemu tisa, na picha ya mabomba matatu. Mkuu akasoma mpaka mwisho, nilimuona macho yanavyokwenda. Akasema, "Hii ni kazi." Halafu akageukia kompyuta, akakaa, akauliza, "Sasa kwenye mfumo niingize ngapi?" Mfumo unapokea tarakimu tu. Tukatazamana. Akaingiza 6.

Mpwa wangu kaposti tena jana, safari hii na picha ya kalavati na maneno marefu. Nimebofya kiduara leo asubuhi.

Sita.